Madoa ya Meno na Tiba Zake Katika Ukanda wa Shaba

Rangi ya jino hutoka katika tabaka mbili. Juu kuna enameli, gamba gumu linalopitisha mwanga; chini yake kuna dentini, ambayo kwa asili ni ya manjano. Ndiyo maana jino zima lenye afya huwa na umanjano kidogo, na chonge huzidi meno ya mbele kwa rangi hata kinywani mwa mtoto. Umri unaposonga, enameli hulika na dentini hunenepa, jino likakolea bila ugonjwa wowote. Doa linaweza kukaa juu ya enameli, ndani ya enameli yenyewe, au ndani ya dentini. Hapo lilipo ndipo panapoamua tiba: la juu huondolewa kwa kusafisha, la ndani huhitaji dawa ya kung'arisha au kufunikwa, na umanjano unaotokana na jino kulika hauhitaji weupe kabisa, unahitaji kinga. Anayelipia tiba kabla ya kujua doa lake liko wapi anacheza kamari.

Madoa ya juu ya jino

Mengi ya madoa ya watu wazima ni ya kundi hili. Chai ya rangi, kahawa, divai nyekundu, kola, sigara na tumbaku ya kutafuna huacha rangi inayong'ang'ania utando mwembamba ambao mate huuacha juu ya jino. Utando huo usipopigwa mswaki hugeuka ukoga, ukoga hukomaa ukawa ugaga mgumu, na ugaga hunywa rangi kwa wepesi kuliko jino lenyewe. Dawa nazo zimo: sharubati ya madini ya chuma wanayopewa watoto na wajawazito hutia weusi, na dawa ya kusukutua yenye klorheksidini, ikitumiwa kwa wiki kadhaa mfululizo, huacha ukahawia kati ya meno na hata juu ya ulimi.

Rangi mbili huwatia wazazi hofu bure. Ya kwanza ni mstari mweusi mwembamba unaofuata ukingo wa ufizi wa mtoto anayepiga mswaki vizuri. Hutokana na bakteria wanaotengeneza rangi kwa madini ya chuma yaliyomo kwenye mate. Hauna madhara, na watoto wenye mstari huo mara nyingi huwa na meno machache yaliyooza. Husuguliwa na dokta wa meno, hurudi, na kwa kawaida hupungua mtoto akikua. Ya pili ni ukijani kwenye meno ya juu ya mbele, karibu na ufizi. Huo hutokana na vijidudu vilivyojikalia mahali ambapo mswaki haufiki.

Katika mji wa migodi ukijani una maelezo mengine pia. Vitabu vya udaktari wa meno vimetaja kwa muda mrefu kwamba vumbi la shaba huacha rangi ya kijani au ya kijani-buluu kwenye meno ya wanaolivuta kwa mdomo, na kwamba chuma na manganizi huacha weusi au ukahawia. Mkoa wa Lualaba nchini Kongo, uliozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, una shaba na kobalti kuzunguka Kolwezi na manganizi kule Kisenge, upande wa magharibi. Mtu anayeponda au kubeba mawe ya kijani siku nzima, mdomo wazi na bila barakoa, anaweza kupata doa la aina hiyo. Ila kijani peke yake hakithibitishi kwamba ni shaba. Njia rahisi ya kutofautisha ni kusafisha meno vizuri na kusubiri: doa likirudi ilhali mswaki unatumika asubuhi na jioni, la kuchunguzwa ni kazi na hewa ya kazini. Hapo tatizo linavuka urembo, kwa sababu vumbi linalofika kwenye meno linafika pia kwenye mapafu, na kobalti kwenye mapafu si jambo la kuchezea.

Madoa yaliyozaliwa na jino

Kundi la pili huingia jino likiwa bado linaumbika ndani ya taya, na kwa meno ya mbele ya kudumu hiyo ni miaka ya kwanza ya utoto. Mswaki haulifikii.

Linalojulikana zaidi Afrika Mashariki ni florosisi, inayosababishwa na floridi nyingi katika maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Katika Bonde la Ufa, ambako volkano zimeacha miamba yenye floridi, chemchemi na visima vingi hupita kikomo hicho mara kadhaa: Arusha na Meru upande wa Tanzania, Nakuru upande wa Kenya, na katika Kongo yenyewe sehemu za kuzunguka volkano za Nyiragongo na Nyamulagira. Magadi yanayotiwa kwenye maharage ili yaive haraka huongeza floridi juu ya ile ya maji. Florosisi nyepesi huonekana kama mistari au mawingu meupe. Ya wastani huwa na mabaka ya kahawia. Kali hufanya enameli iwe na vishimo na imeguke.

Chanzo cha florosisi kilijulikana kupitia mji wa migodi. Daktari Frederick McKay alianza kuona meno ya kahawia huko Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, akatafuta sababu kwa miaka thelathini. Jibu lilipatikana mwaka 1931, pale mkemia wa kampuni ya aluminiamu ya Alcoa, H. V. Churchill, alipopima maji ya Bauxite, mji wa wafanyakazi wa kampuni hiyo katika jimbo la Arkansas, akakuta floridi nyingi mno.

Miamba ya shaba ya Katanga si ya volkano. Ni miamba ya mashapo. Kwa hiyo dokta wa Kolwezi anapoona mabaka ya kahawia yaliyolingana kushoto na kulia, swali lake la kwanza ni mgonjwa alikulia wapi. Kolwezi ina watu waliotoka Kivu, na barabara ya kusafirishia shaba inapitiwa na madereva wa malori wa Tanzania na Kenya. Dereva aliyekulia chini ya Mlima Meru anaweza kuishi miaka ishirini mbali na maji yale, na mabaka yakabaki yalivyo. Kwa mtoto aliyezaliwa Kolwezi na asiyewahi kutoka, mabaka ya namna hiyo ni sababu ya kupima maji ya kisima anachonywea.

Chanzo kingine ni tetrasaiklini. Dawa hii hushikamana na kalsiamu ya jino linaloumbika. Jino huota likiwa la manjano, kisha mwanga wa miaka hulibadilisha likawa la kijivu au kahawia, mara nyingi kwa mikanda ya kulala. Kwa sababu hiyo haipewi watoto walio chini ya miaka 8 wala wajawazito kuanzia miezi ya katikati ya mimba, isipokuwa daktari akiwa hana njia nyingine. Vidonge vinavyonunuliwa mmoja mmoja sokoni bila cheti cha daktari ndivyo vinavyoendeleza tatizo hili.

Jino moja jeusi au la kijivu kati ya meno masafi lina historia yake: pigo la mpira, kuanguka na pikipiki, ngumi. Damu iliyovuja ndani ya kiini imeingia kwenye dentini, na huenda kiini kimekufa. Jino hilo hupigwa picha ya eksirei kabla ya jambo lolote la urembo, kwani chini ya mzizi wake huenda kuna usaha unaokusanyika bila maumivu.

Manjano ya asidi

Kuna manjano ambayo hayatokani na doa. Katika viwanda vya kuchenjua shaba kwa njia ya maji, kama Luilu kando ya Kolwezi, kilichoanza kazi mwaka 1960, madini huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki, kisha shaba hunaswa kwa umeme kwenye mabamba ndani ya mabirika. Umeme unapopita, viputo vya oksijeni hupanda hadi juu na kupasuka, vikirusha matone madogo ya asidi hewani. Mfanyakazi akipumua au kuzungumza mdomo wazi, ukungu huo hugonga meno ya mbele. Miaka ikipita, kingo za meno huwa nyembamba na kung'aa isivyo kawaida, kisha manjano hutokeza: ni dentini inayoonekana kwa sababu enameli imeliwa. Baridi na vitu vitamu huanza kuchoma.

Hali kama hiyo huwapata pia wanaokunywa soda kutwa, wanaonyonya ndimu, na wanaotapika mara kwa mara. Kumpa mtu huyu dawa ya kung'arisha ni kosa, kwa kuwa dawa itapenya haraka kwenye dentini iliyo wazi na kuleta maumivu, huku chanzo kikiendelea. Kinachotangulia ni barakoa inayofaa na hewa inayovutwa nje ya jengo, kusukutua kwa maji matupu baada ya zamu, kuacha nusu saa hadi saa nzima kabla ya kupiga mswaki kwa sababu enameli iliyoguswa na asidi huwa laini kwa muda, na dawa ya meno yenye floridi. Kama uso wa jino umeshaisha, hurudishwa kwa resini.

Uchunguzi wa dakika kumi

Uchunguzi mzuri hauhitaji mashine kubwa. Dokta huuliza umri, mahali pa utoto, dawa, tumbaku, kazi na zamu. Hupuliza hewa kukausha jino, kwa sababu madoa meupe ya enameli huonekana zaidi jino likikauka. Hukwaruza doa taratibu kwa ncha ya chombo: likibanduka, ni la juu. Huweka taa nyuma ya jino kuona nyufa na kuoza kulikojificha. Mwisho hushika kipande cha vijino vya kulinganishia rangi, kwa kawaida kile cha VITA chenye rangi 16 kutoka A1 hadi D4, akakiweka kando ya jino karibu na dirisha, midomo ikiwa haina rangi. Alama hiyo huandikwa na picha hupigwa. Bila kipimo cha mwanzo, mgonjwa na dokta watabishana baadaye kama jino limebadilika au la.

Meno yaliyooza huzibwa na ufizi unaotoka damu hutibiwa kabla ya urembo. Wajawazito na wanaonyonyesha huahirisha kung'arisha, na watoto walio chini ya miaka 18 hawang'arishwi kwa ajili ya urembo tu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 inakataza jambo hilo waziwazi.

Ngazi za tiba

Kanuni ya kazi ni kuanza na tiba inayogusa jino kidogo zaidi na kupanda ngazi pale tu ya chini iliposhindwa.

Ngazi ya kwanza ni kusafisha. Ugaga huondolewa kwa chombo cha mkono au cha mtetemo chenye maji, kisha meno hung'arishwa kwa krimu na brashi inayozunguka. Kazi huisha kwa kikao kimoja au viwili. Wengi waliokuja wakitaka meno meupe huishia hapa, wakiwa wameridhika.

Ngazi ya pili ni dawa ya kung'arisha. Kinachofanya kazi ni hidrojeni peroksidi, au kabamidi peroksidi ambayo huvunjika na kuitoa polepole. Kabamidi ya asilimia 10 hutoa hidrojeni peroksidi ya takriban asilimia 3.5. Oksijeni yake hupenya enameli na kuvunja chembe za rangi. Njia ya nyumbani, iliyoelezwa kitaalamu mwaka 1989, hutumia sahani laini ya plastiki iliyofinyangwa juu ya meno ya mgonjwa mwenyewe: tone dogo la jeli hutiwa mbele ya kila jino, sahani huvaliwa usiku, na baada ya wiki mbili hivi mabadiliko huonekana. Njia ya kliniki hutumia dawa kali ya asilimia 25 hadi 40, ufizi ukiwa umezibwa kwa kinga maalumu ili usiungue. Taa ya buluu inayowashwa juu yake huvutia macho, ila tafiti zimeonyesha kwamba huongeza kidogo sana au haiongezi kitu.

Manjano ya umri na ya chai huitika vizuri. Kahawia ya florosisi huitika kwa sehemu, lakini mabaka meupe yanaweza kuonekana zaidi mwanzoni. Kijivu cha tetrasaiklini huhitaji uvumilivu wa miezi mitatu hadi sita ya sahani ya usiku, pengine zaidi. Jino lililokufa hutibiwa mzizi kwanza, kisha dawa hufungiwa ndani yake kwa siku kadhaa na kubadilishwa hadi rangi ikubalike.

Meno kuchoma kwa muda ni jambo la kawaida. Hutulia kwa kuruka siku moja au mbili na kutumia dawa ya meno yenye potasiamu nitrati. Viraka vya resini, kofia za meno na meno ya bandia havibadiliki rangi, hivyo mwenye kiraka cha mbele ajue kwamba huenda kikahitaji kubadilishwa. Kiraka kipya husubiri wiki mbili baada ya kung'arisha, kwani oksijeni iliyobaki kwenye jino hudhoofisha gundi, na rangi yenyewe hurudi nyuma kidogo kabla ya kutulia.

Ngazi ya tatu ni kwa mabaka ya juujuu ya enameli. Dokta hufunga meno kwa mpira wa kinga, hupaka uji wa asidi na chembe ngumu, na kuusugua kwa sekunde chache kwa awamu. Huondoka sehemu ya kumi ya milimita au zaidi kidogo, pamoja na baka la kahawia. Kwa florosisi ya wastani, kusugua huku kukifuatiwa na sahani ya usiku mara nyingi hutosha bila kuchonga chochote. Kwa mabaka meupe ipo pia resini nyepesi kama maji, iliyobuniwa Ujerumani na kuuzwa kwa jina la Icon, ambayo huingia kwenye vitundu vya enameli na kufanya baka lipitishe mwanga kama sehemu nyingine za jino.

Ngazi ya nne ni kufunika kwa resini. Jino huguswa kidogo au haliguswi kabisa, resini hupangwa kwa tabaka na kugandishwa kwa taa. Huisha siku moja, hurekebishika, na bei yake ni ya chini kuliko kauri. Lakini hunywa rangi ya chai na tumbaku, na baada ya miaka michache huhitaji kung'arishwa au kubadilishwa.

Ngazi ya tano ni fasete za kauri, ambazo Tanzania na Kenya huziita vinia. Ni vigamba vyembamba vinavyogundishwa mbele ya meno. Ili vikae vizuri, enameli huchongwa milimita 0.3 hadi 0.7. Enameli haioti tena, kwa hiyo jino lililochongwa litahitaji kifuniko maisha yote, na kila fasete ina mwisho wake, kwa kawaida baada ya miaka kumi au kumi na mitano. Zinamfaa mtu mzima mwenye florosisi kali au tetrasaiklini nzito iliyoshindikana. Hazimfai anayesaga meno usingizini bila kinga, wala kijana wa miaka ishirini mwenye meno mazima anayetaka kufanana na mwanamuziki. Kofia kamili, inayohitaji jino lichongwe pande zote, huachiwa jino lililokwisha kuvunjika au kudhoofika.

Njia za mkato

Mkaa uliosagwa, majivu na mchanga huondoa doa kwa kuondoa enameli pamoja nalo. Weupe wa wiki ya kwanza hufuatwa na manjano ya kudumu. Bikaboneti peke yake haikwaruzi sana, lakini ikichanganywa na ndimu, asidi ya ndimu inaweza kubaki kazini. Maji ya Javel, yale ya kung'arisha nguo, huunguza kinywa. Hidrojeni peroksidi ya famasia, ile iitwayo eau oxygénée, huandikwa nguvu zake kwa "volume": 10 ni asilimia 3, 20 ni asilimia 6, na 40, inayotumiwa na wasusi kugeuza rangi ya nywele, ni asilimia 12. Hiyo ya wasusi ikiguswa na ufizi huuchoma ukawa mweupe na kubanduka. Dawa za meno zinazotangazwa kuwa za weupe husugua madoa ya juu tu, na baadhi huacha rangi ya buluu hafifu inayodanganya jicho kwa saa chache. La kusoma kwenye boksi ni kiasi cha floridi, ambacho kwa mtu mzima kinapaswa kuwa kati ya 1000 na 1500 ppm.

Kuchagua mahali

Familia nyingi za Kolwezi zilizoea hospitali ya kampuni ya madini, tangu enzi za Union Minière na baadaye Gécamines, ambako matibabu yalikuja pamoja na kazi. Urembo wa meno hauingii katika mpango wa namna hiyo. Ni wa kulipia mfukoni, na anayelipa mfukoni ana haki ya kuuliza. Bei itajwe kwa kila jino, kwa dola au kwa franki, na iandikwe kabla ya kazi, pamoja na bei ya kurekebisha fasete ikibanduka. Vyombo vichemshwe kwa mvuke wa mashine, na kliniki iwe na jenereta au betri, kwa sababu umeme ukikatika resini ikiwa bado laini kazi huharibika. Kwa kauri, mgonjwa aulize maabara iko wapi: kama vipimo vinatumwa Lubumbashi, kilomita 300 hivi, au ng'ambo ya mpaka, kutakuwa na siku za kukaa na vifuniko vya muda, na kila marekebisho yatachukua safari nyingine. Anayegundisha fasete saluni au chumbani bila eksirei, bila maji ya kupoza mashine na bila cheti cha chuo hana budi kukataliwa hata akiwa wa bei nafuu, kwani kurekebisha kazi yake hugharimu zaidi kuliko kuanza upya.

Kuhifadhi matokeo

Weupe wa dawa hudumu mwaka mmoja hadi mitatu, kutegemea kinachopita mdomoni. Siku mbili za kwanza huepukwa chai ya rangi, kahawa, mchuzi wa nyanya na tumbaku. Sahani ya plastiki ihifadhiwe, mbali na jua na joto. Rangi ikianza kurudi, usiku mbili au tatu za jeli hutosha badala ya kuanza upya. Mswaki laini mara mbili kwa siku na kusafishwa na dokta kila miezi sita hadi kumi na miwili huzuia ugaga. Kwa anayefanya kazi kwenye vumbi au asidi, barakoa ni sehemu ya tiba: asipoivaa, doa la shaba litarudi na enameli iliyoliwa itaendelea kuisha hata chini ya resini mpya.